Visima vinne vya msituni na chuma kinachofunga mdomo wa kisima

Reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili mizigo iyapite maporomoko ya Boyoma. Kwenye kingo za Lualaba upande huo wa reli kuna mwamba mweusi wa tabaka nyembamba nyembamba, wenye lami ndani yake. Ni tope la maziwa ya kale, la zama za dinosaria, lililogeuka jiwe. Mwaka 1923 mwanajiolojia Mbelgiji G. Passau aliandika juu ya miamba hiyo ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na tangu hapo habari ya mafuta yaliyolala chini ya msitu haijawahi kutoka midomoni mwa watu wa mji huu.

Tumaini hilo linaeleweka. Mafuta yetu hupanda mto kwa mashua au hutoka mashariki kwa barabara mbovu, na yanapofika kwa Kadhafi, kama tunavyomwita muuzaji anayeyapima kwa chupa kando ya barabara, bei imekwisha kuwa mzigo kwa mwenye pikipiki na kwa mwenye kinu. Nani asingetamani kisima karibu na nyumbani? Ila tunapozungumzia mafuta tunahesabu mapipa na fedha, na ni mara chache mtu huuliza kisima chenyewe hushikwaje kisitoroke.

Mafuta na gesi hukaa ndani ya vitundu vya mwamba, vikibanwa na uzito wa ardhi yote iliyo juu. Keekee ikifika hapo, mgandamizo ule unapata njia. Kinachouzuia kwanza ni tope: maji yaliyochanganywa na udongo maalumu na unga mzito wa baraiti, yakisukumwa kuteremka ndani ya bomba na kupanda nje yake bila kukoma. Katika kisima cha mita 4,500, maji matupu hukandamiza sakafu ya shimo kwa karibu kilo 450 kwa kila sentimita ya mraba, na baraiti huongeza uzito huo kadiri mwamba unavyodai. Tope likiwa jepesi, gesi huingia. Likiwa zito mno, hupasua mwamba na kupotelea humo, kimo chake kikashuka, na gesi ikaingia vilevile. Mchorongaji mzuri huishi katikati ya hatari hizo mbili, macho yake yakiwa kwenye tangi la tope. Tope linalorudi likizidi lile lililoteremshwa, kuna kitu kimeingia chini, na dakika zinahesabika.

Zamani hakukuwa na la kufanya zaidi ya kukimbia. Tarehe 10 Januari 1901, katika kilima cha Spindletop karibu na Beaumont, Texas, mabomba yalirushwa kutoka shimoni na mafuta yakapanda juu kupita mnara wa mtambo. Yalimwagika kwa siku tisa, kwa makadirio ya mapipa 100,000 kwa siku. Magazeti ya wakati ule yalishangilia. Huko California, kisima cha Lakeview kilianza kumwaga Machi 1910 na kuendelea kwa miezi 18. Katika milipuko ya namna hiyo wafanyakazi waliungua, mashamba yakaharibika, na utajiri ukazama mchangani.

Aliyechoka na hali hiyo ni James Abercrombie, mchorongaji wa Texas aliyenusurika kufa kisima chake kilipolipuka. Alimwendea Harry Cameron, fundi mwenye karakana katika mji mdogo wa Humble, na inasimuliwa kwamba alimchorea wazo lake juu ya vumbi la mbao sakafuni. Lilikuwa wazo la kawaida kabisa: vipande viwili vya chuma vinavyokabiliana, vikisukumwa kutoka pande mbili hadi vilibane bomba na kuziba nafasi iliyolizunguka. Waliomba hataza mwaka 1922, wakaipata mwaka 1926. Baadaye, mwaka 1946, Granville Knox alibuni aina nyingine, pete nene ya mpira inayojibana kuzunguka bomba la umbo lolote. Leo aina zote mbili hupangwa pamoja, moja juu ya nyingine, na pamoja nazo huwekwa taya zenye makali ya kukata bomba lenyewe pale kila kitu kingine kinaposhindwa. Wachorongaji dunia nzima huuita mpangilio huo BOP.

Chombo hicho kilikwisha kuwa na zaidi ya miaka 30 wakati msitu wetu ulipotobolewa kwa kina kwa mara ya kwanza. Kati ya 1952 na 1956 Wabelgiji walipima bonde la kati kwa mawimbi ya mitetemo, na ndani ya miaka hiyo wakachoronga visima viwili vya utafiti: Samba mwaka 1955, kilichopita kidogo mita 2,000, na Dekese mwaka uliofuata, karibu mita 2,000. Vijiti vya mwamba vilivyotolewa humo vilipelekwa Tervuren, Ubelgiji. Esso na Texaco walikuja enzi za Zaïre, wakapima tena katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 wakachoronga Mbandaka-1, zaidi ya mita 4,300, na Gilson-1, zaidi ya mita 4,500. Hawakupata mafuta ya kuuza, wakaondoka. Eneo linaloishinda Ufaransa kwa ukubwa lina visima vinne tu vya kina, na jambo hilo lina uzito wake katika habari ya usalama. Uzito wa tope hukadiriwa kwa yale yaliyoonekana katika visima vya jirani, na kisima cha jirani hapa kinaweza kuwa mbali kwa mamia ya kilomita.

Mashariki hali ni tofauti. Waki-1, karibu na Butiaba upande wa Uganda, kilichorongwa mwaka 1938, na tangu 2006 ziwa Albert limethibitika kuwa na mafuta. Mwaka 2023 uchorongaji wa visima vya uzalishaji ulianza hukohuko Uganda, kwenye miradi ya Kingfisher na Tilenga. Ufuko wa magharibi wa ziwa hilo, Ituri, ulikuwa ndani ya jimbo lililotawaliwa kutoka Kisangani hadi mwaka 2015.

Chuma peke yake hakitoshi, na hilo lilionekana Ghuba ya Mexico tarehe 20 Aprili 2010. Mtambo wa Deepwater Horizon ulikuwa na BOP kubwa kuliko nyumba, chini ya bahari kwenye kina cha mita 1,500. Kabla ya mlipuko watu walilisoma vibaya jaribio la mgandamizo, wakaondoa tope zito na kuweka maji ya bahari. Ilipofika zamu ya taya kukata, bomba lilikuwa limepinda na kusogea kando, zikashindwa kuziba. Wachunguzi walikuta hata nyaya za mfumo wa kuliongoza dude hilo zimeunganishwa vibaya. Watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika kwa siku 87, ingawa bandari, meli na mitambo ya akiba ya Marekani vilikuwa karibu.

Sasa fikiria kisima kama hicho kikilipuka katika msitu wa jimbo la Tshopo au la Tshuapa. Kisangani iko kilomita zaidi ya 1,700 za mto kutoka Kinshasa. Ndege kubwa inaweza kutua uwanja wa Bangboka, lakini vifaa vya tani mamia vitatokaje hapo hadi mahali pasipo na barabara? Kisima cha pili cha kukiokoa cha kwanza huhitaji mtambo wa pili, na mtambo huo unaweza kuwa upande mwingine wa Afrika au ng'ambo ya bahari. Mto nao hauna subira: kinachoingia ndani yake leo, kesho ni maji ya kunywa na samaki wa watu wa chini.

Upande wa magharibi kuna ardhi ya mboji, iliyopimwa na watafiti akiwemo Corneille Ewango wa Chuo Kikuu cha Kisangani. Kwa hesabu yao ya mwaka 2022, ina kaboni tani bilioni 29 hivi. Mwaka huohuo, mwezi Julai, serikali ilipiga mnada vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, baadhi vikigusa mboji hiyo. Mnada ulifutwa Oktoba 2024, na mwaka 2025 vitalu vingine vikatangazwa. Kwa hiyo wachorongaji wanaweza kuja tena.

Wakija, wabunge wa jimbo, machifu na vyama vya raia wa Tshopo wasiridhike na ahadi za kazi na shule. Wadai mpango wa kudhibiti kisima kabla mti wa kwanza haujakatwa, uandikwe kwa Kiswahili na Kilingala na usomwe hadharani. Waulize BOP itajaribiwa kila baada ya siku ngapi na mbele ya nani, baraiti ya akiba itawekwa wapi, mtambo wa pili utatoka nchi gani na utafika baada ya siku ngapi. Kampuni isiyokuwa na majibu hayo kwa maandishi isiruhusiwe kuchoronga.