Kutoka Mikanda ya Ngozi hadi Springi za Teksi: Historia Fupi ya Vyuma Vinavyobeba Gari

Katika somo letu la istilahi huwa tunawaomba wanafunzi walete maneno ya kazi za mikono, na mara nyingi gereji hutoa mavuno makubwa kuliko useremala au ushonaji. Springi, koili, shokamzoba, bushi, ekseli: maneno haya yameingia katika Kiswahili kwa midomo ya mafundi na madereva, wala hayakusubiri kikao cha kamati yoyote. Tukiyafuata hadi yalikotoka tunakuta historia ambayo vitabu vingi huisimulia kama ngazi: kifaa cha kwanza kilikuwa duni, cha pili kikawa nafuu, na cha mwisho ndicho bora. Kwa maoni yetu ngazi hiyo haisimami imara, hasa ikiletwa kwenye barabara za Afrika Mashariki.

Jina ambalo Waingereza huuita mfumo mzima linatokana na kitenzi chenye maana ya kuning'iniza, na hapo mwanzo maana ilikuwa hiyo hiyo hasa. Magari ya farasi ya Ulaya katika karne ya 17 na ya 18 yalikuwa na sanduku la abiria lililoning'inizwa kwa mikanda minene ya ngozi. Mikanda ilipunguza kishindo kidogo, lakini ililifanya sanduku libembee, na wako abiria waliofika safari zao wakiwa wamechafukwa na tumbo. Mwaka 1804 Obadiah Elliott, fundi wa magari ya farasi mjini London, alipata hataza ya springi zenye umbo la duaradufu. Zilikuwa vibapa vya chuma vilivyopindwa, fungu moja juu na jingine chini, vikikabiliana kama midomo, na kuwekwa kati ya ekseli na sanduku. Kwa mpango huo gari liliweza kuachana na boriti nzito iliyokuwa ikiunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma. Likawa jepesi, na farasi wakapumua.

Springi ya vibapa inafaa kuelezwa bila haraka, kwani karibu yote yaliyofuata ni majibu kwake. Chukua vibapa vya chuma vya urefu tofauti, mrefu juu na vifupi chini yake, uvifunge katikati kwa bolti. Fungu hilo hufungwa kwenye ekseli, na ncha za kibapa kirefu hushikwa na fremu ya gari. Gurudumu likikanyaga jiwe, fungu hunyooka kidogo kisha hurudi katika mpindo wake. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kubeba uzito na kupokea kishindo. Kazi ya pili ni kuishika ekseli isisogee mbele, nyuma wala pembeni, na kazi ya tatu hufanywa na msuguano, kwa kuwa vibapa husuguana vinaponyooka na kurudi, na msuguano huo hupunguza kurukaruka. Kifaa kimoja, kazi tatu, na mhunzi yeyote mwenye tanuru na nyundo anaweza kukitengeneza upya. Si ajabu kwamba magari ya injini yalikirithi moja kwa moja kutoka kwa magari ya farasi. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na springi mbili tu za namna hiyo, moja ikiwa imelazwa kukingama mbele na nyingine nyuma, na kwa hizo mbili ilipita katika matope ya mashamba ya Marekani.

Kasoro ilijitokeza mwendo ulipoongezeka. Magurudumu mawili yakiunganishwa na ekseli moja ngumu, la kushoto likipanda jiwe na la kulia nalo huinama. Tena ekseli yenyewe ni nzito, na uzito huo hauko juu ya springi bali chini yake, hivyo kila kishindo huirusha kama rungu. Kwa magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya kukatia kona, hali ilikuwa mbaya zaidi: kwenye mwendo wa kasi yalianza kutetemeka kwa zamu, kushoto na kulia, hadi usukani ukamtikisa dereva mikono. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors ya Marekani, alilishughulikia jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1930, na katika magari ya mwaka 1934 kampuni hiyo ikatoa Cadillac ambayo kila gurudumu la mbele lilikuwa na mikono na koili yake. La kushoto likipanda jiwe, la kulia halina habari.

Hapa ndipo gharama ilipoingia, na wasimulizi wengi hupita haraka. Koili ni fito ya chuma iliyosokotwa kama nyoka aliyejikunja. Hujua kubonyea na kurudi, basi. Haiwezi kulishika gurudumu mahali pake, kwa hiyo inahitaji mikono ya chuma, nayo mikono inahitaji bushi za mpira kwenye maungio. Haina msuguano wa maana, kwa hiyo bila shokamzoba gari lingeendelea kudunda kama mpira baada ya kila shimo. Kazi tatu za kifaa kimoja ziligawanywa kwa vifaa vitatu au vinne, kila kimoja kikichakaa kwa wakati wake na kununuliwa kwa bei yake.

Tuseme neno kuhusu shokamzoba, maana hapa ufundi na lugha vinakutana. Jina lake la Kiingereza linadai kwamba hufyonza kishindo. Sivyo. Kishindo hupokewa na springi. Shokamzoba huizuia springi isiendelee kucheza baada ya kishindo kupita. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia matundu madogo, mafuta hukataa kupita upesi, na nguvu ya kurukaruka hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana shokamzoba ya gari lililotoka kwenye changarawe huwa ya moto. Kiswahili kililikopa neno pamoja na kosa lake, na sasa limezoeleka mno kubadilishwa, ila mwalimu anayelifafanua darasani hana sababu ya kulirudia kosa hilo.

Ulaya nako walikuwa wakitafuta njia zao. Ferdinand Porsche alipata hataza mwaka 1931 ya springi isiyobonyea wala kupinda, bali husokoteka. Ni fito iliyofungwa upande mmoja, na mkono wa gurudumu upande wa pili. Gurudumu likipanda, fito husokotwa kama nguo inayokamuliwa, kisha hujisokotoa. Volkswagen yenye umbo la kobe ilitumia mpango huo mbele na nyuma. Nchini Ufaransa Citroën walijiwekea sharti ambalo bado linatufurahisha: gari la mkulima lipite katika shamba lililolimwa likiwa na kikapu cha mayai, na yai lisivunjike. Gari lenyewe, 2CV, lilioneshwa Paris mwaka 1948. Springi zake zililazwa ndani ya mitungi pembeni mwa gari, zikiunganisha mkono wa gurudumu la mbele na ule wa nyuma, ili kishindo cha mbele kisaidie kuliandaa gurudumu la nyuma. Mwaka 1955 kampuni hiyo hiyo ikatoa DS, iliyobebwa na gesi na mafuta mahali pa springi za chuma. Ilikuwa kazi ya Paul Magès, na ilisifiwa sana. Lakini ilitaka fundi aliyeisomea, na mfumo huo umekwisha kuachwa na Citroën wenyewe.

Uvumbuzi uliosambaa kuliko wote ulikuwa wa kubana matumizi. Earle MacPherson, Mmarekani aliyehamia Ford mwaka 1947, aliunganisha koili na shokamzoba vikawa nguzo moja iliyosimama, juu ikishika bodi na chini ikishika gurudumu kwa mkono mmoja tu. Ford Consul na Zephyr za Uingereza za mwaka 1950 zilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuitumia. Leo ukifungua boneti ya gari dogo lililopita hapa Kampala, yale maduara mawili unayoyaona kushoto na kulia kwa kawaida ndiyo vichwa vya nguzo hizo.

Mifumo hii yote ilikutana kwenye mtihani mmoja, nao ulifanyika katika nchi zetu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakaitwa East African Safari, na tangu 1974 Safari Rally. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa masika, na hakuna aliyetengeneza barabara kwa ajili yake. Volkswagen, kwa fito zake za kusokoteka, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Kisha ikaja zamu ya Peugeot 404. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93 na yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lilikuwa 404: mbele nguzo za MacPherson, nyuma ekseli moja ngumu juu ya koili. Ekseli ile ile ambayo wahandisi walikuwa wakiikimbia tangu miaka ya 1930! Ni kweli kwamba madereva wale waliijua nchi, na matope hayaulizi gari limeundwaje. Hata hivyo, ekseli ngumu iliyobebwa na koili laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, pamoja na shokamzoba ambazo Peugeot walizitengeneza wenyewe, ilionesha kwamba uzee wa wazo si ugonjwa.

Ushahidi mzuri zaidi tunaupata kwa mtu mmoja, naye ni mzaliwa wa hapa. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Familia yake ilikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa nchini na utawala wa Idi Amin mwaka 1972, na ushindi wake wa kwanza wa Safari, wa Pasaka ya 1973, aliupata kama Mkenya. Alilingana alama na Harry Källström wa Sweden, na ilibidi kanuni ya kuwatenganisha itumike. Gari lake lilikuwa Datsun 240Z, ambalo kila gurudumu, mbele na nyuma, lilisimama juu ya nguzo yake. Kwa mantiki ya ngazi, hatua iliyofuata ingepaswa kuwa ya kisasa zaidi. Mehta alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mara nne mfululizo, na gari la miaka hiyo lilikuwa Datsun 160J, lenye ekseli ngumu nyuma, koili, na mikono minne ya kuishika. Gari la haraka zaidi lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa na vitu vichache vya kuvunjika, na lilipopinda, mafundi waliweza kulinyoosha kando ya barabara. Hatujasikia wanafunzi wetu wakimtaja Mehta wanapoandika insha kuhusu wanamichezo wa Uganda, na tunadhani inafaa watajwe pia waliolazimishwa kuondoka.

Kutoka kwenye mashindano twende kwenye biashara, ambako swali la nani analipia kishindo halifichiki. Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968, iliuzwa na migongo mitatu. Ile ya familia moja mjini kwa kawaida ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kwa raha ya abiria. Ile ndefu ya viti vingi, iliyobeba wasafiri wa masafa katika Kenya kwa miaka mingi, ilikuwa na ekseli ngumu juu ya koili nne, mbili kila upande. Ile ya mizigo, pikapu, ilikuwa na springi za vibapa. Kampuni moja, jina moja la gari, na wahandisi wale wale walirudi hadi kwa Elliott mara tu mzigo ulipoanza kuwa wa magunia. Hawakuwa wajinga. Kibapa huvumilia kilo ambazo hazikuandikwa popote.

Toyota Hiace, ambayo kwetu ndiyo teksi ya abiria 14, ina historia nzima ndani ya mwili mmoja: mbele fito za kusokoteka za aina aliyoiwekea hataza Porsche, nyuma vibapa vya mwaka 1804. Springi za nyuma zimepangwa kwa ajili ya gari lililojaa, hivyo likiwa na abiria wawili hurusha kila shimo moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa anayekaa kiti cha mwisho. Kisha wako wenye magari wanaoongeza kibapa kimoja au viwili ili gari lisikae chini likijazwa kupita kiasi. Kibapa cha nyongeza huinua gari kweli, lakini hakiongezi nguvu ya breki, wala ya tairi, wala ya ekseli yenyewe. Gari linaonekana limesimama sawa na mzigo umefichika machoni mwa askari wa barabarani, lakini kwenye mteremko breki hukutana na uzito wote. Anayetaka kujua kama teksi anayoipanda imeongezwa vibapa ainame kidogo nyuma ya gurudumu kabla ya kuingia, ahesabu: kibapa kipya huwa bado kina rangi, na vya zamani vina kutu.