Safari ya Ruwenzori: Ni nani aliyechukua mzigo?



Asubuhi, mawingu yakifunguka, tunaiona theluji ya Ruwenzori. Tumeizoea tangu utoto, lakini wachache kati yetu wanajua namna watu walivyojitayarisha kuipanda, na kwa nini wengine walirudi nyuma. Tumeona vema kuwaeleza habari hiyo hapa, kwani ndani yake mna fundisho kwa parokia nzima.

Kilele kirefu, Margherita, kina metre 5109. Kwa kila metre 1000 mtu anazopanda, joto linapungua kwa kadiri ya digrii 6. Huko juu kabisa hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani: kichwa kinauma, pumzi inakatika, chakula hakitamaniki. Mvua hainyamazi, na matope yanafika magotini. Kupita mpaka wa miti hakuna tena kuni. Kwa hiyo mwenye kusafiri huko hana budi kubeba chakula, nguo za baridi, hema na hata kuni, tena apande polepole, siku kwa siku, ili mwili upate kuzoea.

Mwezi wa Juni 1889, Luteni Stairs, mmoja wa wasaidizi wa Stanley, alijaribu kupanda kutoka upande wetu wa bonde la Semliki. Alifuatana na Wangwana wa Zanzibar, wale waliotuachia jina la lugha yetu, Kingwana. Watu hao walikuwa wamekwisha kuuvuka msitu wa Ituri, na nguo zao zilichakaa. Walilala usiku mmoja mlimani, na kesho yake wakafika metre kama 3250. Mbele yao kulikuwa na makorongo makubwa, na theluji ilikuwa ingali mbali. Chakula hakikutosha kwa usiku mwingine, basi wakashuka. Hawakukosa ushujaa, walikosa matayarisho.

Mwaka 1891 Mdachi Stuhlmann alifuata bonde la Butahu, akafika metre kama 4000, lakini naye hakukifikia kilele.

Ndipo mwaka 1906 akaja Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, mtu wa jamaa ya kifalme ya Italia. Yeye aliondoka Entebbe na msafara mrefu wa wapagazi, pamoja na viongozi waliozoea milima ya Alpi. Hakukimbilia kilele. Kwanza alifanya kambi chini ya mwamba wa Bujongolo, penye metre kama 3800, akaweka huko chakula na vyombo. Waliopandisha mizigo hiyo ni Wakonjo, ndugu za Wanande, watu wenye kuijua njia na mapango ya kulala. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya Margherita.

Mwaka 1932 Wabeleji wakiongozwa na Xavier de Grunne walipanda kutoka upande wa Congo. Katika njia ya Mutwanga vilijengwa vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, ili msafiri apumzike kwa hatua. Hivyo matayarisho ya mmoja yakawa msaada kwa wengi.

Sasa tutazame majina ya mlima: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, Margherita. Hakuna kilele chenye jina la mpagazi. Lakini bila mgongo wa mpagazi, hakuna aliyefika. Tena msafara wote hauwezi kupita nguvu za yule anayetembea nyuma: yeye akikosa blanketi na chakula, mkubwa wa mbele naye atarudi.

Bwana wetu alifundisha, katika Injili ya Luka, kwamba mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi katika yubile hii tuhesabu. Tuwakumbuke Mapadri waliotuletea Injili, lakini tusiwasahau wapagazi waliobeba masanduku ya misa, makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hadi kijiji, na akina mama waliowapikia. Wazee wanaoyajua majina yao wangali kati yetu. Tuwaulize, tuyaandike katika kitabu cha parokia, wala tusingoje yubile nyingine. Na katika safari iliyo mbele yetu, tumwangalie kwanza yule wa nyuma, tujue kama ana blanketi.