Kutoka Bunduki Mpaka Kiti cha Komini



Swali moja linarudi kila mara mu mikutano yetu: mzee aliyekuwa jandarma anaweza kuongoza raia? Wengine wanakataa hata kabla hajafungua kinywa. Tuangalie kwanza historia.

Tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi, na Katanga ya Tshombe ikaisha. Majandarma wengi wakavuka Angola kwa njia ya Dilolo. Wengine walifuata 1967. Mwaka 1968 Nathaniel Mbumba, aliyekuwa afisa wa polisi, akaanzisha nao FNLC. Watu wanamkumbuka kwa vita tu. Lakini mule kambini mlikuwa mama na watoto, na hakukuwa meya wala komini. Wakubwa wa askari ndio walisimamia pia familia, miaka karibu kumi. Huo ni utawala, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Machi 1977 walivuka mpaka, wakakamata Dilolo, Kasaji na Mutshatsha. Tarehe 13 Mei 1978 wakaingia Kolwezi yenyewe. Kuuteka mji hakukuchukua muda. Kuuongoza ndiko kuliwashinda: mwanzoni nidhamu ilikuwapo, kisha vijana wa mitaa wakapewa bunduki, uporaji ukaanza, watu wakauawa, weusi kwa weupe. Tarehe 19 Wafaransa wakashuka kwa parashuti. Maiti zilihesabiwa kwa mamia.

Watu ni walewale, mbona matokeo mbalimbali? Mimi naona hivi: kambini mkubwa alijua kesho atakutana tena na yule aliyemnyima haki. Kolwezi hakuna aliyejua kama atalala hapo wiki ijayo.

Jeshi la Mobutu liliporudi, wengi wetu tulikimbia. Mwaka uleule alitangaza msamaha, tukaanza kurudi.

Leo Kolwezi iko na komini mbili, Dilala na Manika, na Desemba 2023 raia walipigia kura washauri wa komini. Sheria ya uchaguzi ya 2006 inamzuia askari au polisi kugombea mpaka aonyeshe kwamba ameacha kazi au amestaafu. Wazee wetu walioweka bunduki chini 1978 na hawakuingia jeshi lingine, sheria hiyo haiwazuii. Basi wakijitokeza, tusiwaulize habari za vita. Tuwaulize: kule kambini nani aligawa mihogo, na aliyepunjwa alikwenda kulalamika kwa nani?