Moyo Wenye Kasoro Tangu Tumboni: Namna Watu Walivyoujua na Kuuponya

Birere ni mtaa wa watu wengi, umebanana karibu na mpaka wa Rwanda. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliingia Goma ukafunika sehemu kubwa ya mji, na watu wakajenga tena juu ya mawe meusi. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia mjini. Taabu hizo huonwa na kila mtu. Lakini iko taabu nyingine isiyo na kishindo, nayo hukaa ndani ya nyumba. Mtoto mchanga ananyonya kidogo tu, anatoka jasho, anaacha titi apate kuhema, kisha analala kwa uchovu. Midomo yake ina rangi ya buluu. Majirani husema, "Ana kifua." Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba mama yake ana kosa.

Pengine si kifua, wala si uchawi. Ni moyo ambao haukutengenezeka sawasawa tumboni. Katika watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hivi wana kasoro ya namna hiyo, katika nchi tajiri na katika nchi maskini pia. Basi, wasomaji wapendwa, yafaa tuijue habari hii tangu asili yake.

Kazi ya moyo

Moyo una vyumba vinne. Vile vya kuume hupokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni ikapate hewa. Vile vya kushoto hupokea damu iliyokwisha pata hewa na kuisukuma mwilini kote. Katikati pana ukuta, damu hizi mbili zisichanganyike. Mwingereza William Harvey ndiye aliyeonyesha wazi, mwaka 1628, kwamba damu huzunguka hivi daima.

Lakini mtoto aliye tumboni hahemi kwa mapafu yake. Kwa hiyo upo mlango mdogo katika ukuta wa moyo, na upo mshipa wa kukata njia, ili damu isipite mapafuni bure. Akiisha kuzaliwa, njia hizo zapaswa kufungwa. Zisipofungwa, au ukuta ukibaki na tundu, au mshipa ukiwa mwembamba mno, ndipo ugonjwa huanza.

Askofu aliyeuchunguza moyo

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika habari za kasoro hizi alikuwa Niels Stensen, aliyezaliwa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, mwaka 1638. Alikuwa daktari hodari. Wengine waliusifu moyo kama kiti cha joto na roho. Yeye alionyesha kwamba ni nyama yenye nguvu, kama nyama za mkono na mguu. Katika miaka ya 1670 yalitolewa maandishi yake juu ya kitoto kilichotoka tumboni bila uhai. Katika moyo wake aliona tundu ukutani, na mshipa wa kwenda mapafuni umekuwa mwembamba.

Stensen aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667 huko Florence, akapata upadre mwaka 1675, na uaskofu mwaka 1677. Alikufa maskini katika Ujerumani mwaka 1686. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1988. Tazameni basi: mtu huyu hakuona aibu kuuchunguza mwili wenye kasoro, wala hakutafuta wa kumlaumu. Alitafuta kujua tu.

Zaidi ya miaka 200 ilipita. Mwaka 1888 daktari Arthur Fallot wa Marseille, Ufaransa, alieleza vizuri kasoro nne zinazokaa pamoja katika moyo wa watoto wa buluu. Hata leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1936 mwanamke wa Kanada, Maude Abbott, alitoa kitabu chenye habari za mioyo 1,000 ya namna hii. Lakini kujua si kuponya. Watoto walizidi kufa, na madaktari waliwatazama tu.

Mlango wafunguliwa

Tarehe 26 Agosti 1938, huko Boston, Marekani, daktari kijana Robert Gross alimpasua msichana wa miaka 7, akaufunga ule mshipa uliokataa kujifunga. Mkubwa wake alikuwa safarini, na alikuwa hajakubali kazi hiyo. Mtoto akapona.

Wakati ule daktari Helen Taussig alikuwa akiwatunza watoto wa buluu huko Baltimore. Masikio yake yalikuwa yameharibika, hivyo alijifunza kuusikiliza moyo kwa vidole vyake. Aliona neno moja: watoto wa buluu ambao mshipa wao haukufungwa waliishi vizuri kuliko wengine. Akafikiri: ikiwa mshipa waweza kufungwa kwa mkono wa mtu, mbona usiweze kutengenezwa? Akampelekea shauri daktari Alfred Blalock.

Blalock alikuwa na msaidizi wake, Vivien Thomas. Huyu alikuwa mtu mweusi, fundi seremala, aliyekosa fedha za kusoma udaktari. Yeye ndiye aliyeijaribu kazi hiyo kwa mbwa wengi mpaka ikafaulu. Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa miezi 15, na Thomas alisimama nyuma yake akimwongoza kwa maneno. Mtoto huyo aliongezewa miezi michache tu. Lakini waliomfuata walipona wengi, na midomo ya buluu ikageuka kuwa myekundu palepale mezani. Thomas alisahauliwa muda mrefu. Mwaka 1976 tu ndipo chuo kikuu cha Johns Hopkins kilimpa heshima ya udaktari.

Mwaka 1953 John Gibbon aliziba tundu la moyo wa msichana wa miaka 18, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Tangu hapo moyo uliweza kufunguliwa na kutengenezwa taratibu.

Na kwetu je?

Neema hiyo ilichelewa kufika Afrika ya Mashariki. Watoto wengi walipelekwa India na Ulaya, na wengi zaidi hawakupelekwa popote. Lakini leo kazi hii inafanyika karibu nasi. Huko Nairobi inafanyika katika hospitali ya Mater, iliyofunguliwa na Masista wa Huruma mwaka 1962. Huko Kampala kipo chuo cha moyo kilichoanza mwaka 1988. Huko Dar es Salaam ipo taasisi ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015. Ni kweli, kutoka Birere njia ni ndefu na fedha ni nyingi. Lakini mtoto asiyejulikana hawezi hata kuombewa msaada.

Basi akina mama, angalieni dalili hizi: mtoto anayechoka na kutoka jasho akinyonya, anayehema upesi, asiyeongeza uzito, anayeugua kifua mara kwa mara, mwenye midomo na ulimi wa buluu, au mtoto mkubwa anayechuchumaa kila akicheza kidogo. Mpelekeni kwa daktari amsikilize moyo. Akizidi kuwa wa buluu au kukosa pumzi, msingoje kesho. Si kila tundu lataka kisu: mengine hujifunga yenyewe, na mengine hutulizwa kwa dawa.

Nanyi akina baba, msimlaumu mama. Moyo hutengenezwa katika majuma manane ya kwanza ya mimba, pengine mama mwenyewe hajajua kwamba anayo. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Iliyo wazi ni michache: ugonjwa wa rubela, ambao daktari Norman Gregg wa Australia alionyesha mwaka 1941 kwamba hudhuru mtoto tumboni, sukari isiyotunzwa, pombe, na dawa nyingine. Kwa hiyo mwenye mimba asinywe pombe wala dawa za kununua ovyo, naye aende mapema kupimwa.

Stensen alisema kweli juu ya moyo, na Taussig aliusikiliza kwa vidole. Sisi tuliobaki twaweza angalau kumbeba mtoto na kumfikisha kwa mwenye kujua, badala ya kumficha ndani na kunong'ona.