Fundi wa Dizeli na Shule Yake: Habari za Marekani

Watu wengi wakisikia neno dizeli hudhani ni jina la mafuta tu, yale tunayoyaita mazuti. Kumbe ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka wa 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alifanya kazi ya kujalidi vitabu kwa ngozi. Vita vya 1870 kati ya Wafaransa na Wajerumani vikafukuza jamaa ile mpaka London, naye kijana wa miaka 12 akapelekwa Augsburg, kwa ndugu mmoja aliyefundisha hesabu katika shule ya ufundi. Huko akasoma ufundi, ndipo akapanda kwenda chuo cha juu cha ufundi cha Munich, akashinda mitihani yake mwaka wa 1880. Twataka msomaji ashike jambo hilo, kwani litarudi mbele: yule aliyeipa dunia moteri hii alipita kwanza katika shule ya kazi ya mikono.

Moteri yenyewe ni ya namna gani? Ile ya petroli yataka buji, itoe cheche ya kuwasha mafuta. Ya dizeli haina buji. Mtu aliyejaza upepo katika gurudumu la baisikeli amekwisha kuona ya kuwa pampu yapata moto mkononi. Ndivyo ilivyo humu: pistoni yashindilia hewa hata ibaki sehemu moja ya kumi na tano, ao ya ishirini, ya nafasi iliyokuwa nayo, joto lake lapita digrii 500, kisha mafuta yanyunyizwa humo yakiwa mepesi kama ukungu, yawaka yenyewe. Ni rahisi kusema. Siku ya jaribio la kwanza, Agosti 1893, kipimo cha moteri kilipasuka. Mwaka wa 1894 moteri ikazunguka dakika moja hivi. Mwaka wa 1897 profesa Moritz Schröter akaipima: zaidi kidogo ya sehemu 26 katika 100 za joto la mafuta ziligeuka kuwa kazi. Masini za mvuke za siku zile zilikuwa nyuma sana. Diesel mwenyewe alipotea baharini Septemba 1913, katika meli iliyokuwa ikienda Uingereza.

Habari hizo zilifika Marekani upesi. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha pombe huko St. Louis, alinunua ruhusa ya kuziunda moteri hizo mwaka ule ule wa 1897. Lakini zilikuwa kubwa na nzito, zikikaa mahali pamoja kama jiwe la kusagia. Aliyefanya kazi kubwa ya kuzipeleka barabarani ni Clessie Cummins, mtoto wa mashamba ya Indiana, aliyezaliwa mwaka wa 1888. Alisoma miaka minane tu. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye benki katika mji wa Columbus, W. G. Irwin, naye tajiri yule akamwamini kwa fedha; mwaka wa 1919 wakaanzisha kampuni. Mwisho wa 1929 Cummins alitia moteri ya dizeli katika motokari ya Packard, na Januari 1930 akaiendesha mpaka New York, karibu kilomita 1,270, kwa mafuta ya dola moja na senti 38. Mwaka wa 1931 gari lake lilishindana Indianapolis, likamaliza maili 500 bila kusimama hata mara moja kutia mafuta. Halikushinda, lakini wenye makamyo waliokuwa wakihesabu fedha zao walielewa.

Hapo likaja swali ambalo wenye kuunda masini hulisahau mara nyingi: nani atazitengeneza? Fundi wa zamani alijifunza kwa kumfuata fundi mwingine, akishika taa na kupokea funguo, miaka mingi. Mwaka wa 1917 serikali ya Marekani ilitoa sheria ya kusaidia kwa fedha masomo ya kilimo, ya ufundi na ya kazi za nyumba katika shule za sekondari. Vyuo vidogo navyo vilikuwapo. Kile cha Joliet, katika Illinois, kilianza mwaka wa 1901 na wanafunzi sita. Lakini kilitayarisha vijana waende chuo kikuu, si karakana.

Vita ndivyo vilivyogeuza mambo. Nyambizi za Marekani, mashua za kushusha askari pwani, matinga ya kulima njia, mengi ya hayo yalikwenda kwa dizeli, na vijana wasiojua hata buji ni nini wakafundishwa kazi hiyo kwa miezi michache. Walipokuwa karibu kurudi, sheria ya Juni 1944 iliwapa askari fedha za masomo. Hata kufika mwaka wa 1956, askari milioni 7.8 walikuwa wametumia msaada huo. Watu husimulia sana habari za wale walioingia vyuo vikuu, nao walikuwa milioni 2.2 tu. Wengine wote, zaidi ya milioni tano, walikwenda shule nyingine, ao walijifunza kazini na mashambani. Hao hawakuandikwa sana katika vitabu. Mikono yao ilikuwa na mafuta.

Lakini tusipake chokaa ukuta wenye ufa. Sheria ile haikutaja rangi ya mtu, ila utekelezaji wake uliachwa katika mikono ya majimbo na ofisi za mahali, na upande wa kusini ofisi hizo ziliwafukuza watu weusi ao kuwapa kazi ya kufagia. Mwaka wa 1944, huko Ufaransa, majeshi yalipokimbia mbele yakaishiwa na mafuta na risasi, msafara wa kamyo uitwao Red Ball Express ndio uliowalisha; madereva wake, karibu watatu katika kila wanne, walikuwa weusi. Kamyo zao zilikuwa za petroli, ni kweli. Hata hivyo, mtu aliyeendesha kamyo usiku bila taa, akaitengeneza matopeni, je, hakufaa kufundishwa dizeli kwao? Aliporudi alikuta mlango una kufuli. Hukumu ya mahakama kuu ya mwaka wa 1954 na sheria ya 1964 zilivunja kufuli, lakini kijana wa 1946 alikuwa amekwisha kuwa mzee wa kazi nyingine.

Mwaka wa 1947 tume iliyowekwa na Rais Truman ilishauri vyuo vya jamii vifunguliwe mahali pengi, mtu asome karibu na nyumbani kwa gharama ndogo, awe ataka chuo kikuu ao kazi. Wakati huo huo garimoshi za mvuke zilikuwa zinakufa; kufika mwaka wa 1960 reli kubwa za Marekani zilikuwa zimekwisha kuziacha, na mafundi wa mitungi ya mvuke wakaona ujuzi wa maisha yao yote umekuwa chuma kikuukuu. Katika miaka ya 1960 vilifunguliwa vyuo vya jamii zaidi ya 450. Indiana ilianzisha chuo chake cha ufundi mwaka wa 1963. Leo chaitwa Ivy Tech, nacho kina tawi katika Columbus, mji ule ule wa Cummins.

Masomo huchukua mwaka mmoja kwa hati ndogo, miwili kwa shahada ya chuo. Mwanafunzi ajifunza moteri, freni za hewa, gia, umeme, nguvu ya mafuta yanayosukuma mikono ya matinga, pamoja na hesabu na kuandika. Jambo la kwanza ni kuogopa panapofaa. Katika moteri za sasa mafuta hupita kwa nguvu ya bari 2,000 na zaidi. Yakitoka katika tundu dogo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Kwa hiyo anayetafuta mvujo hutumia kipande cha katoni, si kidole. La pili ni kutafuta sababu kabla ya kufungua. Kubadili vyuma kimoja kimoja hata kelele iishe si ufundi, ni kupoteza fedha za mwenye gari.

Fundi wa zamani alisikiliza kwa sikio. Tangu mwaka wa 1985, kampuni ya Detroit Diesel ilipoanza kutoa moteri za kamyo zenye kuongozwa na kompyuta, sikio halitoshi. Sheria za hewa safi za mwaka wa 2007 zikaleta chujio la masizi, na zile za 2010 zikaleta dawa ya urea ya kunyunyizwa katika moshi. Leo mwanafunzi aunganisha kompyuta kabla ya kushika ufunguo. Ufunguo wenyewe mara nyingi ni wake, kwani karakana nyingi zataka fundi aje na vyombo vyake, navyo ni ghali kuliko kijana maskini anavyofikiri. Ndugu zetu wa Kongo waliopokelewa huko kama wakimbizi, wakitaka kazi hii, yafaa wahesabu hilo mapema pamoja na Kiingereza.

Kompyuta nayo imeleta kufuli jipya. Wenye kuunda masini waliweka baadhi ya programu za kuzipima kwa mawakala wao tu, hata mkulima, ao fundi wa kijijini mwenye hati ya chuo, akashindwa kufungua tinga ambalo mikono yake yalijua. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ilipeleka kampuni ya Deere mahakamani kwa jambo hilo. Jimbo la Colorado lilikuwa limekwisha kutunga sheria yake mwaka wa 2023, ya kwanza katika nchi nzima, ya kuwalazimisha waundaji wa masini za mashamba wawape wenyewe na mafundi vitabu, vyombo na programu. Kamyo za barabarani hazikutiwa humo.