Kuba: Intaneti Ilipofika, Swichi Ilibaki kwa Nani?

Tumezoea kuamini kwamba sheria inayopanua intaneti ni, kwa asili yake, sheria inayopanua uhuru. Historia ya Kuba inatulazimu kuipima upya imani hiyo, kwani sheria za mawasiliano ya kisiwa kile zimetungwa na mahasimu wawili, Washington na Havana.

Mwaka 1992, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Demokrasia ya Kuba. Sheria hiyo ilikaza vikwazo vya biashara, lakini papo hapo ikaruhusu huduma za mawasiliano kati ya nchi hizo mbili, kwa matarajio kwamba zingechangia kubadili utawala. Mwaka 1996, Sheria ya Helms-Burton ikakataza Wamarekani kuwekeza katika mtandao wa simu ndani ya Kuba. Yaani mawimbi yaliruhusiwa kuvuka bahari, lakini nguzo na nyaya za kuyafikisha majumbani zikanyimwa mtaji.

Havana nayo ilikuwa na sheria yake. Juni 1996, Amri Na. 209 iliweka utaratibu wa kujiunga na mitandao ya kompyuta ya dunia. Kipaumbele kilipewa taasisi zilizoonekana kuwa muhimu kwa taifa. Mwananchi wa kawaida aliachwa nje.

Hofu ya Havana haikuwa ya kubuni tu. Desemba 2009 alikamatwa Alan Gross, Mmarekani aliyeingiza vifaa vya intaneti ya setilaiti chini ya mradi wa USAID. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15, akaachiwa Desemba 2014. Mwaka huo huo ilifichuka kwamba USAID ilikuwa nyuma ya ZunZuneo, mtandao wa ujumbe mfupi wa simu uliowavuta maelfu ya vijana wa Kuba bila wao kumjua mwenyewe. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Hata hivyo, hila za jirani hazielezi kila kitu. Mkongo wa baharini wa ALBA-1, kutoka Venezuela, ulifika Kuba Februari 2011. Umma ulisubiri hadi Juni 2013, vilipofunguliwa vituo 118 vya kulipia. Saa moja iligharimu dola 4.50, ilhali mshahara wa wastani serikalini ulikuwa takriban dola 20 kwa mwezi. Lililokuwa likifanywa na katazo, sasa likafanywa na bei. Watu wakajitafutia njia: filamu, muziki na programu zilinakiliwa kwenye diski na kupelekwa nyumba kwa nyumba kila wiki.

Desemba 2018, intaneti ya simu za mkononi ikafunguliwa kwa umma. Miezi saba baadaye ikachapishwa Amri ya Kisheria Na. 370. Amri hiyo ilinadi matumizi ya teknolojia kwa maendeleo ya jamii. Lakini kifungu chake cha 68 kiliweka faini kwa anayesambaza mtandaoni habari zinazokiuka maslahi ya jamii na maadili mema. Maneno mapana kiasi hicho humwachia mkaguzi wa serikali kuamua kosa ni nini.

Tarehe 11 Julai 2021, wakazi wa San Antonio de los Baños waliandamana, nao wenye simu wakarusha picha moja kwa moja. Kwa saa chache maandamano yakaenea miji mingi. Siku hiyo hiyo intaneti ikakatwa, jambo lisilokuwa gumu katika nchi yenye kampuni moja ya simu, tena ya serikali. Agosti ikafuata Amri ya Kisheria Na. 35, iliyoruhusu kusitisha huduma ya mtumiaji anayeeneza habari zinazohesabiwa kuwa za uongo au za kuvuruga utulivu.

Ndugu msomaji, hasa wewe unayeandaa au kuchambua miswada, kilomita za mkongo na idadi ya watumiaji ni vipimo halali, lakini havitoshi. Kila sheria ya kupanua intaneti iulizwe pia: nani ana mamlaka ya kuizima, na ni mahakama ipi inayoweza kumwambia hapana? Nchini Kuba, swali la kwanza lina jibu tangu 1996. La pili bado halijajibiwa.