Flashi ya Anko na Historia Niliyoifuta

Wasee, leo nakiri kosa. Mimi nilifuta historia. Si ati nilichoma maktaba. Nilibonyeza tu kitufe kimoja kwa laptopu ya kuazima, nikapata nafasi ya muvi.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifutilia mbali uchaguzi wa urais. Mimi nilikuwa darasa la nane. Anko yangu pale Githurai alikuwa amechomeka flashi kwa king'amuzi tangu asubuhi na kubonyeza kurekodi. Alishika kila kitu: watangazaji wakijaza muda, matangazo ya sabuni, maandishi yanayopita chini ya skrini, Jaji Mkuu David Maraga akisoma uamuzi wa wengi, na wale majaji wawili waliopinga, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u.

Baadaye anko akaniita. "Kijana, wewe ndio unajua mambo ya kompyuta. Hii kitu inakataa kwa simu. Nitolee." Faili ziliishia na .ts, na simu yake haikuzitambua kabisa. Nikashusha programu ya bure, nikakata dakika mbili za Maraga, nikazigeuza MP4 ndogo ya kutuma WhatsApp. Mdomo wa Maraga ulikuwa unasonga, sauti inafika baadaye, lakini nani anajali? Nikafuta zile faili kubwa. Flashi ikajaa muvi za vita.

Juzi anko alikuwa anabishana na marafiki zake kuhusu ile kesi. Akanipigia: "Hebu niletee pale wale majaji wawili wanaongea."

"Haipo, anko."

"Haipo aje? Si nilirekodi mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua nilichofuta kilikuwa nini hasa. Niliacha kampasi mwaka wa pili, lakini hii nimeisoma kuliko somo lolote la kule.

Zile faili za .ts si video mbovu. Muundo wake ulitengenezwa miaka ya katikati ya 1990 kwa ajili ya kurusha TV ya dijitali hewani, mahali ambapo mvua na majengo yanaweza kula signali. Kwa hivyo picha na sauti zinakatwakatwa kuwa pakiti ndogo za baiti 188 kila moja, na kila pakiti inaanza na alama ileile, ambayo kwa herufi za kompyuta ni G. Ukiwasha TV katikati ya taarifa, king'amuzi kinatafuta hizo G, kinajipanga, na picha inakuja. Pakiti zikipotea, kinaendelea mbele.

Shida inakuja wakati wa kukata. Si kila fremu ni picha kamili. Kuna fremu moja kamili, halafu zinazofuata zinabeba tu kilichobadilika. Ukikata katikati, unaanza na mabadiliko ya picha ambayo haipo, ndio unaona uso umegeuka viboksi. Sauti nayo inasafiri kwa pakiti zake, na kinachoiunganisha na picha ni alama za muda. Signali ikikatika kidogo na programu yako ipuuze zile alama, sauti na picha zinaachana. Maraga wangu aliharibika hivyo. Anko alirekodi vizuri, mimi nikaharibu.

Na hata hii haki ya kurekodi nyumbani watu waliipigania kortini. Kule Marekani, kampuni za filamu zilishtaki Sony kwa sababu ya mashine yake ya kanda, Betamax. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya huko ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba mtu kurekodi kipindi cha TV nyumbani akitazame baadaye si wizi. Hiyo ni sheria ya kwao, si yetu, lakini ona: kura moja tu.

Programu nazo zina hadithi. VLC, ile ya koni ya rangi ya machungwa unayotumia kuona muvi, ilitokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, ulioanza 1996. Walitaka kupitisha TV ya setilaiti kwa mtandao wa kampasi yao. Mwaka 2001 wakaiachilia iwe huru kwa kila mtu. FFmpeg, ambayo programu nyingi za kubadilisha video zinaitumia chini kwa chini, ilianzishwa mwaka 2000 na Fabrice Bellard, Mfaransa pia. Yaani vifaa vya kufanya hii kazi vizuri vilikuwa bure tangu sijazaliwa. Sina kisingizio.

Sasa utaniambia, "Si stesheni zenyewe zinahifadhi?" Hapo ndipo nilishtuka. Miaka ya 1960 na 1970, BBC yenyewe ilifuta kanda zake nyingi, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zingetumika tena. Zaidi ya vipindi 90 vya Doctor Who vilipotea hivyo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vimepatikana. Wapi? Jos, Nigeria, kwa kituo cha kurushia TV. Kumbukumbu ya Waingereza ilikuwa imelala Afrika miaka yote hiyo.

Halafu kuna Marion Stokes wa Philadelphia. Mama huyu alianza kurekodi taarifa za TV mfululizo mwaka 1979 na hakuacha mpaka alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda kama 70,000. Hakukata matangazo, hakuchagua siku za maana, kwa sababu aliamini njia ambayo habari inasimuliwa ni habari pia. Anko yangu hajawahi kumsikia, lakini siku ile pale Githurai alifanya kitu kilekile.

Turudi nyumbani. Februari 2015, wakati wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV na KTN zilitoka hewani karibu wiki tatu kwa sababu ya mvutano na serikali. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park, serikali ilizima stesheni hizo tena. Kwa hivyo Mkenya anajua TV inaweza kunyamazishwa. Kile hatufikirii sana ni kwamba kilichorushwa pia kinaweza kupotea, na mara nyingine mwenye kukipoteza ni kijana wa nyumba, kwa nia nzuri kabisa.

Ndio, uamuzi wa Maraga uko YouTube, uutafute sasa hivi. Lakini hiyo ni chaguo la mtu mwingine. Nilichofuta mimi ni siku nzima jinsi ilivyoingia kwa nyumba moja, na matangazo yake na kusubiri kwake. King'amuzi kikirekodi, kwa kawaida kinaandika pakiti zilezile zilizorushwa hewani. Baada ya pale, kila ukibadilisha umepunguza.

Kwa hivyo kama kuna flashi ya mzazi kwa droo, fanya hivi. Kwanza nakili faili zote mahali pawili kabla hujagusa kitu. King'amuzi mara nyingi hugawanya rekodi ndefu kwa vipande vya GB 4, usidhani kipande kimoja ni yote. Pili, ukitaka ichezwe kwa simu, usikimbilie kubadilisha kila kitu. FFmpeg ina amri ya kunakili tu, inayotoa picha na sauti kwa .ts na kuziweka kwa MP4 vilevile zilivyo. Ni kama kuhamisha ugali kutoka sufuria hadi sahani. Kubadilisha kodeki ni kuupika upya, na hautakuwa ule ule. Tatu, ukikata, kata mahali penye fremu kamili, na usikilize mpaka mwisho kama mdomo na sauti bado ziko pamoja. Nne, ya asili usifute. Muvi utaipata kwingine.

Nilirudisha flashi kwa anko wiki iliyopita. Nilijaribu programu za kuokoa faili, nikapata majina tu, ndani hakuna kitu. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akaichomeka kwa king'amuzi.

"Basi leo usiiguse," akasema. "Taarifa inaanza saa moja."